Karama na Haki: Waraka wa Familia na Sera za Jamii Dubai kwa Jamaa Zetu wa Pwani

Miaka michache iliyopita niliitwa na mama mmoja wa Kiunguja anayekaa Karama, ghorofa ya pili, katika moja ya yale majumba mafupi ya zamani. Alitaka nimsomee karatasi. Alikuwa amezitia ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mkoba wa marehemu mumewe. Mlikuwamo vyeti viwili vya kuzaliwa vya Unguja vya zama za Sultani, cha mumewe na cha shemeji yake. Pasi ya Dubai ya kabla ya 1971. Hati ya ndoa ya kadhi. Cheti cha mtoto aliyezaliwa Dubai. Na pasi ya Komoro, nchi ambayo yeye hajapata kuikanyaga.

“Mwalimu,” aliniambia, “mjukuu wangu anataka kuolewa. Baba yake hayupo duniani, na huko mahakamani wanauliza walii wake ni nani na sisi ni watu wa wapi. Katika hizi, niende na ipi?”

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Familia nyingi zilizotoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki zina bahasha kama ile. Vijana wetu huiona ni takataka za wazee. Lakini ukitaka kufahamu serikali za Ghuba zimeziangaliaje familia, nyumba, afya na haki za watu katika miaka sitini hii, na kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja wameishi maisha mawili mbalimbali, majibu mengi yamo katika karatasi hizo.

Neno na mtaa

Kwa Kiarabu, karama ni heshima ya mtu, utu wake usiovunjwa. Sisi tumelichukua neno hilo tukalipa maana nyingine: karama ni kipawa, jambo analojaaliwa mja pasi na kulidai. Tofauti hii inafaa kuwekwa akilini. Msaada wa serikali unaweza kuwa karama kwa maana yetu, yaani mtawala ametoa kwa wema wake, na aliyepewa hushukuru. Unaweza pia kuwa haki, yaani umeandikwa katika sheria, na anayenyimwa anaweza kwenda kushitaki. Historia ya jamaa zetu Dubai ni historia ya watu waliopokelewa kwa karama, kisha haki zikaandikwa, na wao wengine wakajikuta nje ya maandishi.

Mtaa wenyewe uko upande wa Bur Dubai, baina ya Mankhool, Oud Metha na Zabeel. Haukuwa mtaa wa Waswahili kama ilivyo Ng’ambo ya Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa. Ni mtaa wa wapangaji. Wengi wao ni Wahindi, Wapakistani na Wafilipino, na baina yao wapo watu wa Afrika Mashariki wa makundi mawili: wazee na watoto wa waliokimbia 1964, na vijana wa leo kutoka Kenya, Tanzania na Uganda waliokuja kutafuta kazi. Wenzao wa kundi la tatu, wale waliopata uraia kamili, kwa kawaida walihama zamani kwenda mitaa ya viwanja vya wananchi kama Rashidiya, Mizhar na Khawaneej. Kwa hiyo kule kubaki kwa mtu Karama au kuhama kwake mara nyingi kunaeleza jambo kuhusu karatasi zake.

Walivyofika, 1964 hadi 1971

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na serikali ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Serikali ya Mapinduzi nayo ilikuwa na sera zake za jamii, na haifai mwanahistoria kuzificha. Ilitangaza elimu na matibabu bure, iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, na baadaye ikajenga majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Serikali hiyo hiyo ilitaifisha mashamba na nyumba za watu, iliwafukuza wengi kazini, na mwaka 1970 ikasimamia ndoa za kulazimishwa za wasichana wa Kiajemi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwaambia Wangazija wa Zanzibar, wengi wao waliozaliwa hapo hapo, kwamba hawahesabiwi kuwa raia mpaka waombe. Sera hizo ziliwapa nyumba watu ambao hawakuwa nazo, na ziliwatoa wengine nchini kabisa.

Waliotoka walikwenda Mombasa, Dar es Salaam, Cairo, London na Ghuba. Waliokuwa na asili ya Oman wangetamani kurudi huko, lakini Sultani Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea watu wengi waliosoma nje. Mlango wa Muscat ulifunguka baada ya Sultani Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970. Katika ile miaka sita ya katikati, Dubai ilikuwa kimbilio.

Dubai ya wakati huo ilikuwa mji mdogo. Hesabu ya watu ya 1968 ilikuta wakaazi wasiotimia 60,000. Mafuta yaligunduliwa 1966 na kuanza kuuzwa nje 1969. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyetawala tangu 1958 hadi 1990, alihitaji makarani, walimu, polisi na watu wa benki wanaojua Kiarabu na Kiingereza pamoja. Mzanzibari aliyesoma alikuwa na vyote viwili. Alipokelewa, akapewa kazi, na pengine akapewa pasi ya Dubai, kwani kabla ya shirikisho kila imara ilitoa pasi yake chini ya himaya ya Waingereza.

Huduma za jamii za siku hizo hazikuuliza sana mtu ni wa wapi. Hospitali ya Al Maktoum iliyoanza mapema miaka ya 1950 ilimtibu aliyefika. Shule na tiba nyingine zilitoka kwa hisani ya Kuwait. Mtu akitaka nyumba au akifikwa na dhiki, alikwenda kwenye majlisi ya mtawala na kusema shida yake. Wazee wetu waliishi vizuri chini ya utaratibu huo na hadi leo humwombea Sheikh Rashid rehema. Walichokosa kukiona, na hakuna wa kuwalaumu, ni kwamba neno la majlisi halikuandikwa popote.

Sheria ya 1972 na khulasa

Shirikisho la Falme za Kiarabu liliundwa tarehe 2 Disemba 1971. Katiba yake ilitaja mambo ambayo majlisi haikuwa imeyataja kwa maandishi. Kifungu cha 14 kinaweka usawa na haki ya kijamii kuwa nguzo za jamii, cha 15 kinaifanya familia kuwa msingi wake, na cha 19 kinaahidi tiba. Ukivisoma kwa Kiarabu utaona neno linalorudi: al-muwatinin, wananchi. Usawa wa kifungu cha 14 ni baina ya wananchi, na tiba ya kifungu cha 19 ni ya wananchi. Vingine vimekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 25 kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na cha 41 kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko yake kwa wenye mamlaka, wakiwamo mahakimu. Tofauti hii ya maneno imebeba maisha ya watu.

Nani basi ni mwananchi? Jibu lilikuja na Sheria ya Shirikisho Na. 17 ya 1972 kuhusu uraia na pasi. Raia kwa asili alikuwa Mwarabu aliyekuwa akikaa katika moja ya imara tangu 1925 au kabla yake, akaendelea kukaa mpaka sheria ilipotoka. Wengine waliwekewa njia ya kuomba. Mwarabu wa asili ya Oman, Qatar au Bahrain aliweza kuomba baada ya kukaa miaka mitatu, Mwarabu wa kwingine miaka saba, na asiyekuwa Mwarabu miaka 30.

Mpeleke Mzanzibari mbele ya sheria hiyo. Aliyefika 1964 hawezi kuwa wa 1925. Je, ni Mwarabu wa asili ya Oman? Akiwa na nasaba inayojulikana, kabila linalomtambua na mtu wa kumshuhudia, ndiyo. Lakini Mngazija aliyezaliwa Malindi ya Unguja, Mshihiri mwenye mama wa Kihadimu, au Mshirazi ambaye hakuna mahali Arabuni panapomjua, alihesabiwaje? Watu waliokaa baraza moja Unguja waligawanywa Dubai na maswali ambayo Unguja hayakuwa na uzito huo. Na hata kutimiza miaka hakukuwa kupata: sheria ilimruhusu mtu kuomba, haikuilazimisha serikali kumkubali.

Waraka uliotenganisha ulikuja kuitwa khulasat al-qaid, dondoo ya daftari la uraia, na kwa mazoea watu husema khulasa au kitabu cha familia. Humo huandikwa mkuu wa nyumba, mke na watoto, pamoja na namba ya daftari. Jambo ambalo wageni hawalifahamu ni kwamba pasi peke yake haikutosha. Walikuwapo, na wapo, watu waliopewa pasi ya Imarati bila ya khulasa. Wanasafiri na pasi hiyo, lakini wakiomba kiwanja au ruzuku huulizwa khulasa na hawanayo. Noora Lori, katika kitabu chake Offshore Citizens cha 2019, ameeleza kwa urefu namna watu wa aina hii walivyowekwa katika hali ya kungoja isiyokuwa na tarehe ya mwisho.

Sasa tuingie katika milango minne: nyumba, familia, afya na mahakama. Katika kila mmoja tumtazame mwenye khulasa, mgeni mwenye ikama, na bidun, yaani asiyekuwa na uraia wa nchi yoyote.

Nyumba

Mwananchi hupewa kiwanja, nyumba au mkopo usio na riba. Kwa shirikisho zima kuna Mpango wa Nyumba wa Sheikh Zayed ulioanzishwa 1999, na Dubai ina taasisi yake yenyewe ya nyumba za wananchi. Maombi yote huanza na khulasa.

Asiyekuwa nayo hupanga, na hapa Karama inatufundisha jambo zuri: kuna haki Dubai ambayo haikuulizi uraia wako. Sheria Na. 26 ya 2007, iliyorekebishwa na Na. 33 ya 2008, inamlinda mpangaji yeyote mwenye mkataba. Mwenye nyumba anayetaka kuuza, au kuingia mwenyewe, sharti atoe ilani ya miezi 12 kupitia kwa mthibitishaji wa mahakama au barua ya rejesta. Kodi nayo haipandishwi ovyo. Amri Na. 43 ya 2013 inakataza nyongeza ikiwa kodi ya sasa iko chini ya wastani wa mtaa kwa asilimia 10 au pungufu. Baada ya hapo nyongeza hupanda kwa ngazi za asilimia 5, 10 na 15, na haizidi 20 hata tofauti iwe kubwa vipi. Ugomvi huenda Kituo cha Migogoro ya Upangaji, kilichoundwa mwaka huo huo wa 2013.

Sharti ni moja: mkataba uwe kwa jina lako na uwe umeandikishwa katika daftari la Ejari. Vijana wetu wengi hapo Karama hukodi kitanda ndani ya chumba, au chumba kilichokatwa kwa mbao, kutoka kwa mpangaji mwingine. Hao hawana mkataba wenye jina lao, na mpangaji mkuu akitolewa hutoka naye wote, hata wawe wamelipa mpaka mwisho wa mwezi. Sheria ipo, ila wao hawana karatasi ya kuingilia.

Ndoa na watoto

Kwa Sheria ya Shirikisho Na. 47 ya 1992 serikali iliunda Sanduku la Ndoa, ili kupunguza gharama za harusi na kuwahimiza wananchi waoane wao kwa wao. Ruzuku yake maarufu ni dirhamu 70,000, na bwana na bibi harusi wote wawili sharti wawe wananchi. Kwa familia iliyogawanyika jambo hili lina uchungu wake. Kijana mwenye khulasa akimwoa binti wa ami yake asiyekuwa nayo, hana ruzuku, ingawa babu yao ni mmoja.

Watoto hufuata uraia wa baba. Mwananchi mwanamke aliyeolewa na asiyekuwa mwananchi hakuweza kwa kawaida kumpa mtoto uraia. Mwaka 2011 ilitoka amri ya kuwaruhusu watoto hao kuomba wanapofika miaka 18, na baadhi ya jamaa zetu walifaidika. Wajane, watalaka, mayatima na wazee wa kiananchi waliwekewa posho chini ya Sheria Na. 2 ya 2001 ya hifadhi ya jamii.

Mgeni mwenye ikama ana njia yake. Tangu 2019 anayetaka kuleta mke na watoto hutazamwa mshahara na si cheo cha kazi: dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Ukijua kodi za Karama utaona kwamba wengi wanaovuka kiwango hicho kwa sheria hawakivuki kwa mfuko. Ndiyo maana familia za vijana wetu hubaki Tanga, Mombasa au Unguja na kulelewa kwa simu. Yapo marekebisho yenye huruma pia. Tangu Oktoba 2018 mjane au mtalaka wa mgeni hupewa mwaka mmoja wa kukaa bila kafili, tangu siku ya kufiwa au kuachwa, pamoja na watoto wake. Kabla ya hapo, mume akifa, ikama ya mke ilikufa naye.

Afya

Hospitali ya Rashid, jirani na Karama, ilifunguliwa 1973, na watoto wengi wa kizazi cha pili cha watu wetu wametibiwa hapo. Kadiri mji ulivyokua, tiba nayo iligawanywa baina ya mwananchi na mgeni, na mgeni akawa mlipaji.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Dubai Na. 11 ya 2013 ya bima ya afya, iliyotekelezwa kwa awamu mpaka 2017. Mwajiri analazimika kumkatia bima mfanyakazi na haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili hiyo. Kwa wenye mshahara wa dirhamu 4,000 au chini kuna kifurushi cha msingi chenye kikomo cha dirhamu 150,000 kwa mwaka. Lakini mwajiri hakulazimishwa kumkatia bima mke, watoto wala wazee wa mfanyakazi. Hao ni juu ya kafili wao, yaani mfanyakazi mwenyewe, na bima ya mzee ni ghali. Binti anayemweka mama yake Karama kwa ikama ndiye anayebeba gharama za sukari na presha za mama huyo.

Kwa bidun hali ilikuwa ngumu zaidi, maana kadi ya afya, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho hutegemeana. Anayekosa kimoja huvikosa vyote.

Mahakama

Mambo ya ndoa, talaka, ulezi na mirathi yalihukumiwa kwa Sheria ya Shirikisho Na. 28 ya 2005, na tangu tarehe 15 Aprili 2025 kwa Amri-Sheria Na. 41 ya 2024. Mlango wa mahakama uko wazi kwa raia na mgeni. Kinachowakwamisha watu wetu ni ushahidi.

Lugha ya mahakama ni Kiarabu. Hati ya kadhi wa Unguja, iliyoandikwa Kiswahili au Kiingereza, sharti itafsiriwe na mfasiri wa kisheria. Kabla ya hapo ithibitishwe katika wizara ya mambo ya nje huko Tanzania, kisha katika ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam, kisha wizara ya nje ya Imarati. Muhuri mmoja ukikosekana, hati haisomwi.

Halafu kuna majina. Unguja mtu aliandikwa Salim bin Ali bin Juma. Dubai akawa Salim Ali Juma. Nduguye aliyekwenda Muscat akaandikwa kwa nisba ya kabila, na jina la babu likaachwa. Mombasa karani aliandika Saleem. Hao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kwenye karatasi hakuna linalowaunganisha. Familia haioni dosari yoyote mpaka mtu afe na mirathi igawanywe, au binti atake kuolewa na walii atafutwe.

Pasi za Komoro

Sura ya mwisho ni ya 2008. Septemba mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Imarati ilifungua vituo vya kuwaandikisha bidun kwa miezi miwili. Novemba, Bunge la Komoro lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, baada ya kuukataa mswada huo katikati ya mwaka. Mpango uliozungumzwa ulikuwa Komoro itoe uraia kwa familia zipatazo 4,000 na ipokee dola milioni 200. Bidun aliambiwa achukue pasi hiyo kwanza, ili awe na uraia wa mahali fulani, na hali yake ndani ya nchi itengenezwe.

Waliozichukua walipata faida za kweli. Waliweza kuandikisha ndoa, kupata leseni ya gari, kumtia mtoto shule na kusafiri. Lakini kwa pasi hiyo mtu aliyezaliwa Dubai aligeuka mgeni, mwenye kuhitaji ikama na kafili, na uraia alioupata haukuja na haki ya kwenda kukaa visiwani. Baina yao walikuwamo watu wa asili ya Zanzibar. Fikiri juu ya Mngazija ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 aliambiwa Unguja kwamba si raia kwa sababu ni Mngazija. Akakimbilia Ghuba, na miaka arubaini baadaye wanawe wanafanywa raia wa Komoro kwa mkataba wa fedha. Na fikiri juu ya jirani yake ambaye hana tone la damu ya Ngazija na pasi anayo ile ile.

Komoro kwenyewe jambo hili halikwisha salama. Uchunguzi wa Bunge uliotolewa 2018 ulieleza juu ya fedha zisizojulikana zilikokwenda. Novemba 2022, Ahmed Abdallah Sambi, aliyekuwa rais 2006 hadi 2011, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini kuhusiana na mauzo ya pasi hizo, mashitaka aliyoyakanusha. Kwa familia zetu swali lililobaki ni la kawaida kabisa: pasi ikiisha muda, nani ataihuisha?

Ya kuhifadhiwa

Narudi kwa yule mama. Walii wa mjukuu wake, baba akiwa amekufa na binti hana kaka mtu mzima, ni ami yake, na ami huyo yuko Muscat na pasi ya Oman yenye nisba ya kabila. Pasi ya Komoro ilimtambulisha binti, lakini haikusema lolote kuhusu ami. Vilivyowaunganisha ni vile vyeti viwili vya Unguja alivyokuwa karibu kuvitupa. Vyote viliandikwa jina kamili la baba na la babu, na jina la mama. Vilithibitishwa, vikatafsiriwa, vikawekwa mbele ya hakimu, na ami akaitwa. Ndoa ilifungwa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wetu mambo manne. La kwanza, msitupe karatasi yoyote ya Zanzibar, Mombasa au Dubai ya kabla ya shirikisho, hata ikiwa imekwisha muda au imeliwa na mchwa. Pasi iliyokufa bado ni shahidi wa tarehe na majina. La pili, anayehitaji nakala ya cheti cha Zanzibar aanzie kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na wa Tanzania Bara aende RITA. Aanze wakati hana haraka. La tatu, wazee wakiwa hai andikeni mti wa familia, na mbele ya kila mtu andikeni kila namna jina lake lilivyoandikwa katika kila nchi, na waraka gani una jina gani. Hapo ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kushindwa. La nne, pigeni picha safi za nyaraka zote, mbele na nyuma, maana mihuri mingi iko nyuma, na nakala moja ikae kwa ndugu aliye nchi nyingine.

Kwa wanahistoria nina ombi la ziada. Tumeandika mengi juu ya masultani, vyama na mapinduzi. Ali Muhsin Al-Barwani alichapisha kumbukumbu zake hapa hapa Dubai mwaka 1997, na viongozi wengine wameandika yao. Mikoba ya akina mama wa Karama haijaandikwa. Sera ya serikali kuhusu familia tunaweza kuisoma katika gazeti la sheria. Kama tunataka kujua ilipofika mlangoni kwa mtu ilikuwa nini, itabidi tupande ngazi hadi ghorofa ya pili na kuomba kufunguliwa bahasha, kwani wenye bahasha hizo wana miaka themanini na zaidi sasa.